Kinyago cha Kimakonde: unalipia mti, mkono au umri?

Muuzaji akikuwekea mezani vinyago vitatu vya Kimakonde, kimoja cheusi, kizito na cha kung'aa, kingine kofia ya mti mwepesi yenye nywele za binadamu, na cha tatu nguzo ndefu ya watu waliopandiana mabegani, karibu kila mara atakachotaja kwanza ni umri. Hiki cha zamani sana, atasema, kimetoka kwa wazee. Kisha bei inapanda. Mkusanyaji mwenye fedha za kawaida hupotezea nyingi hapo hapo, kwa sababu katika sanaa hii umri ndio rahisi zaidi kughushi na ndio mgumu zaidi kuthibitisha. Mti na mkono wa mchongaji, kwa upande mwingine, unaweza kuvikagua kwa macho, mizani na kurunzi kabla hujafungua pochi. Mimi nashauri ulipie hivyo viwili, na karatasi zinazoonyesha kitu kimepitia kwa nani. Umri usio na ushahidi usiulipie hata senti.

Tuanze na huo umri, maana mitindo yenyewe ina tarehe zake. Vinyago vya shetani, vile vya viumbe wenye jicho moja, midomo iliyopinda na viungo visivyo mahali pake, vilianza miaka ya 1950. Anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Samaki Likankoa, aliyekuwa akiuza kazi zake Dar es Salaam kwa Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago aliyewatia moyo wachongaji wathubutu kuchonga wanachokiota. Nguzo ya watu waliopandana inahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, aliyevuka kutoka upande wa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1950. Wachongaji waliiita dimoongo, na jina la ujamaa likashika baada ya Azimio la Arusha la 1967. Kwa hiyo anayekuuzia shetani wa enzi za Mjerumani anakuuzia kitu ambacho hakikuwapo. Forodha za Uingereza na Ulaya huhesabu kitu kuwa cha kale kikizidi miaka 100, na kwa kipimo hicho vinyago vya shetani na ujamaa vyote bado ni vichanga.

Ukitaka kujua kazi ya Kimakonde ya zaidi ya miaka 100 inafananaje, tazama vitu alivyokusanya Karl Weule, Mjerumani aliyezunguka kusini-mashariki mwa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki mwaka 1906 na kufika uwanda wa Makonde. Alikuwa mtu wa makumbusho ya Leipzig. Utaona barakoa na vyombo vya mti, kazi za matumizi na za ngoma. Nguzo za mpingo zenye watu kumi na watano huzioni.

Hilo halishushi thamani ya mpingo wa baadaye. Vita vya ukombozi wa Msumbiji, kuanzia 1964 hadi 1974, viliwasukuma Wamakonde wengi wavuke Ruvuma, na wachongaji wenye vipaji wakajikuta wakiishi na kushindana karibu karibu, Mtwara, kwenye mashamba ya mkonge na pembezoni mwa Dar es Salaam. Kazi zilizotoka mikononi mwao kati ya miaka ya 1960 na mwanzo wa 1980 ndizo ningeziwekea fedha zangu kabla ya kitu kingine chochote. Masoko ya Ulaya na Marekani yamezidharau kwa muda mrefu na kuziita sanaa ya watalii, kwa hoja kwamba zilichongwa ili ziuzwe. Dharau hiyo imezifanya bei zake zibaki chini kuliko za barakoa za ngoma. Anayejua kutazama anaweza kupata kazi ya mtu kama John Fundi, aliyefariki 1991, kwa fedha ambazo katika sanaa nyingine zisingemnunulia hata kazi ya mwanafunzi.

Sasa mti. Mpingo hukua polepole mno: huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Shina lake huwa fupi, lenye mabonde na mara nyingi lenye uwazi katikati. Nje ina tabaka jeupe linaloelekea manjano, na ndani kuna kiini cheusi chenye wekundu wa zambarau. Mchongaji huondoa gamba na weupe kwa shoka na panga, hutoa umbo kwa tezo, huingia ndani kwa patasi na kisu, kisha tupa, kisha msasa. Kinyago kizima hutoka kwenye gogo moja, bila gundi wala kiungo. Ndiyo maana bei ya kinyago cha mpingo haipandi sambamba na urefu wake. Gogo safi la mita moja na zaidi, lisilo na uwazi, halipatikani kirahisi, na mchongaji aliyelipata ameshatumia fedha na hatari kabla ya pigo la kwanza: ufa mmoja uliojificha unaweza kumharibia kazi ya miezi. Ukiambiwa nguzo ya sentimeta 120 ni mara sita ya bei ya ile ya sentimeta 40, usikimbilie kudhani unaibiwa.

Kama mti ni mpingo kweli, mizani itakwambia. Lita moja ya mpingo ina uzito wa takriban kilo 1.2 au zaidi, na ndiyo maana huzama majini. Chukua kinyago cha sentimeta 30 kilichotoka kwenye gogo la kipenyo cha sentimeta 10. Hata nusu ya mti ikiwa imeondolewa, kinapaswa kukaribia kilo moja na nusu. Kikisoma gramu 650 au 700, umeshika mjakaranda uliopakwa rangi. Usikitumbukize kinyago cha zamani majini kukijaribu. Hesabu ya uzito inatosha, na hakuna muuzaji mwenye haki ya kukukatalia mizani.

Rangi nayo ina mtego wake. Wengi wamefundishwa kusugua chini ya kinyago kwa kitambaa cheupe, na kikitoka cheusi wanasema ni cha bandia. Kiwi ya viatu hupakwa pia juu ya mpingo halisi, tena na wachongaji wazuri tu, kwa sababu wateja wengi wanataka weusi mtupu. Cha kutazama ni kinachobaki baada ya kiwi kutoka. Mpingo utaonyesha kahawia iliyokolea yenye mistari myeusi na vinyweleo vyembamba sana, wakati mti uliopakwa utaonyesha weupe au wekundu. Utepe wa tabaka jeupe ukiwa umeachwa kwenye kitako, ni ushahidi mzuri zaidi, kwa kuwa mpaka mkali kati ya nyeupe na nyeusi ni shida kuuiga.

Mkono wa mchongaji unasomwa mahali ambapo msasa haufiki. Mulika kurunzi kati ya miguu, chini ya kwapa, ndani ya matundu ya kazi za mawingu, zile zenye maumbo yanayotiririka kama moshi. Fundi huacha humo mikato mifupi, safi, iliyopangwa kufuata umbo. Aliyeharakisha huacha mikwaruzo ya tupa na uchafu wa kiwi uliojazwa kuficha. Mikwaruzo ya nusu duara iliyolingana, ile inayoachwa na grinda ya umeme, inatosha kukufanya ushuku hadithi ya kuwa kitu ni cha 1965. Tazama pia nyufa. Ufa wa zamani umejaa vumbi na nta na rangi yake imefifia kama uso wa kinyago. Ufa mpya una kingo zinazong'aa. Ufa wa kiini uliotulia haunisumbui na wala siombi punguzo kwa sababu yake. Mkono uliovunjika na kugandishwa kwa gundi na unga wa mti ni jambo jingine: hapo nataka bei ishuke sana, au naondoka.

Upande wa mti mwepesi mambo yanageuka. Lipiko, ile barakoa ya kofia inayovaliwa kichwani na mcheza ngoma ya mapiko, huchongwa kwa mti laini wa jamii ya msufi mwitu, kwa sababu mtu atacheza nao juani. Ndani hukombwa hadi kuta ziwe nyembamba. Nywele halisi hubandikwa kwa nta ya nyuki, na chale za uso mara nyingi hutengenezwa kwa vipande vyembamba vya nta nyeusi vilivyokandamizwa juu ya mti. Barakoa ya mwanamke hupewa ndonya, kile kipambo cha mdomo wa juu. Kazi yake ni ya haraka kuliko ya mpingo na mti wake ni wa bei rahisi, lakini lipiko la zamani lililochezwa kweli ndilo linalopewa bei kubwa zaidi katika minada ya nje. Tofauti hiyo kubwa kati ya gharama ya kutengeneza na bei ya kuuza ndiyo inayowavuta waghushi.

Njia zao zinajulikana: moshi, chai kali, udongo, na miezi michache chini ya ardhi. Matundu ya bungua hutobolewa kwa msumari au keekee, na hapo utayatambua kwa kuwa yamenyooka, yana kina kimoja na yako pale tu macho yanapofika. Bungua halisi hutoka kwa pembe tofauti, na njia zake hupinda ndani ya mti. Geuza barakoa utazame ndani. Kichwa cha mtu anayecheza na kutoa jasho huacha giza kwenye paji na kwenye ukingo unaogusa ngozi, na huacha ulaini pale ngozi iliposugua. Matundu ya kufungia kitambaa huliwa na kamba upande mmoja. Barakoa iliyochakaa usoni na kuwa mpya ndani haijachezwa.

Hata lipiko likiwa halisi, swali la pili ni zito kuliko la kwanza: lilitokaje? Mwaka 1984 lipiko moja liliibwa, pamoja na vitu vingine, kutoka Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva yalilinunua Paris mwaka 1985, na mwaka 2010 barakoa hiyo ilikabidhiwa Tanzania kama zawadi. Waliotoa fedha Paris walikuwa wataalamu, wenye maktaba na wanasheria. Wewe na mimi hatuna ulinzi hata huo. Aidha, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka leseni kwa kusafirisha nje vitu vya urithi, na muuzaji anayesema utapita nalo uwanja wa ndege kama zawadi ya mtalii anakuhamishia hatari yake. Barakoa isiyo na historia ya umiliki, mimi siinunui kwa bei yoyote, hata ikinivutia. Na vigango vya Wagiriama, zile nguzo zinazosimamishwa kwa heshima ya wazee wa chama cha Gohu, havina bei halali kabisa. Familia nyingi za pwani ya Kenya zimeibiwa vyao, na baadhi ya makumbusho ya Marekani yamevirudisha.

Kazi za George Lilanga nazitaja kwa ufupi kwa sababu soko lake ni la namna yake. Alizaliwa 1934, akafariki 2005, akapata jina kupitia Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, na sanamu zake nyingi ni za mti mwepesi uliopakwa rangi kali. Huko mti hauna thamani yoyote; unalipia jina. Karakana yake ilikuwa na wasaidizi wengi, hasa alipougua, kwa hiyo lipa bei ya Lilanga pale tu penye picha, risiti au maonyesho yaliyoandikwa. Kadhalika vinyago vingi vinavyoitwa vya Kimakonde katika maduka ya Nairobi na Mombasa ni kazi za Wakamba, za muhugu au mjakaranda. Uchongaji wa Wakamba una heshima yake, ila ununuliwe kwa jina lake na kwa bei yake.

Wapi ununue? Kwenye soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, bado kuna faida moja isiyopatikana kwingine: unaweza kumwona mchongaji, ukamtazama akifanya kazi na ukaagiza. Kwa kazi mpya hakuna mahali pazuri zaidi, na fedha yako inabaki kwa aliyechonga. Kwa kazi ya miaka ya 1960 na 1970, soko zuri zaidi liko Ulaya, katika minada midogo na kwa warithi wa wamishenari, walimu na mafundi waliofanya kazi Tanzania. Vitu hivyo vina kitu adimu: barua, picha ya sebuleni ya 1972, tarehe ya kurudi nyumbani. Ila piga hesabu yote kabla ya kuinua mkono. Ada ya mnunuzi mara nyingi ni robo ya bei ya mnada au zaidi, hivyo kinyago kilichogongewa nyundo kwa euro 1,000 kimeshafika 1,250 kabla hakijafungashwa. Anayekiingiza Uingereza huongeza VAT ya asilimia 5 inayotozwa kazi za sanaa. Ujerumani ni asilimia 7, Ufaransa 5.5. Hakikisha kimeandikishwa kama kazi ya sanaa, kwani kikiandikwa pambo la mbao utatozwa kiwango cha kawaida.

Usafiri ndio unaowashangaza wengi. Kampuni za vifurushi huzidisha urefu, upana na kimo cha sanduku kwa sentimeta, hugawanya kwa 5,000, kisha hutoza kwa namba hiyo au kwa uzito halisi, kulingana na ipi ni kubwa. Shetani wa sentimeta 30 mwenye kilo 3, katika sanduku la 20 kwa 20 kwa 40, hutozwa kilo 3.2. Lipiko la kilo moja na robo, katika sanduku la 40 kwa 40 kwa 45, hutozwa kilo 14.4: unasafirisha hewa. Nguzo ya ujamaa ya sentimeta 120, yenye kilo 35 hivi, ikiwekwa katika sanduku la 40 kwa 40 kwa 140, hutozwa karibu kilo 45.

Na hiyo nguzo ina karatasi nyingine ya kulipia. Tangu Januari 2017 mpingo na karibu miti yote ya jamii yake imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini. Mwaka 2019 kulitolewa nafuu: bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mti huo kwa shehena moja hazihitaji kibali. Kwa mpingo, kilo 10 ni kama lita nane tu za mti. Shetani wetu anapita. Nguzo haipiti bila kibali, hata ikiwa ilichongwa 1970, ingawa kwa mti uliokatwa kabla ya kuorodheshwa kuna cheti maalumu. Kinyago chenye kipande cha pembe ya ndovu kiache. Biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilipigwa marufuku tangu 1990, na macho mawili madogo ya pembe yanaweza kukupotezea kinyago kizima mpakani.

Je, maabara itasaidia? Kipimo cha kaboni hugharimu mamia ya dola kwa sampuli moja, na kwa mpingo kinaweza kukudanganya. Kinapima wakati mti ulipokua. Kiini cha mpingo wa miaka 90 kitasoma uzee hata kama kilichongwa mwezi uliopita. Zaidi ya hapo, kwa miti iliyokua kati ya karne ya 17 na 1950 majibu huwa mapana mno kumfaa mnunuzi. Faida yake halisi ni moja: majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliacha alama hewani baada ya 1950, hivyo barakoa ya mti mwepesi, unaokua haraka, inayodaiwa kuwa ya 1900 inaweza kukamatwa uongo. Kwa kitu cha bei ya chini ya mara kadhaa ya gharama ya kipimo, fedha hiyo ni bora uitumie kumlipa mtaalamu akitazame kwa saa moja. Nafuu zaidi ni kwenda Makumbusho ya Taifa, barabara ya Shaaban Robert, ukakaa mbele ya vilivyomo hadi jicho lizoee.

Mwenye fedha kidogo anunue kinyago kimoja kidogo cha mpingo, kazi safi ya mchongaji aliye hai, kutoka Mwenge, badala ya vitano vya zawadi. Mwenye fedha za kati atafute shetani wa 1960 hadi 1980, chini ya kilo 10, mwenye picha au barua ya familia. Kinyago kisipokuwa na sahihi asihofu, wachongaji wengi wa zama hizo hawakutia, na jina lililokatwa kitakoni jana ni rahisi kuliko kinyago. Nguzo kubwa anunue tu anayeishi nchi ilipo. Wa barakoa, mwenye nafasi na historia kamili mkononi, atenge pia fedha ya kuitunza: mti mwepesi huliwa. Ukiona unga mpya chini yake, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha iache irudie joto la chumba kabla ya kufungua mfuko. Mpingo unataka kingine: uuepushe na kiyoyozi, hita na dirisha la jua, usiupake mafuta ya kupikia, na ukihamia nchi ya baridi uweke unyevu wa chumba kati ya asilimia 45 na 55. Risiti, iwe ya Mwenge au ya Hamburg, ibebe jina la mchongaji kama linajulikana, aina ya mti, urefu, uzito, mwaka unaodaiwa, na ahadi ya maandishi kwamba fedha itarudishwa ikithibitika mti au mwaka si huo. Muuzaji akigoma kuandika mwaka, ondoa kwenye bei kiasi alichouongezea.